Gitaa la Shingo Fupi na Kamba ya Katani

Kila ninayekutana naye ananiuliza lile lile: Athumani, uliaga siku mbili ukarudi ya sita, ulikuwa wapi? Mwingine ananishika bega kabisa na kuninong'oneza kama nilifungwa. Basi nawaandikia wote mara moja, msije mkaniuliza tena hata msibani.

Mnanijua mimi ni mwoga. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa madereva wanaoimba. Lakini hofu niliyoondoka nayo safari hii nilikuwa nimeilea miaka mitatu, na hakuna aliyeijua.

Kwa asiyejua, nilikuwa mpiga solo wa bendi yetu ya Kwaluguru, ile ya Mhina. Gitaa langu lilikuwa la umeme, la zamani, la shingo fupi, ambalo kiwanda chake kiliacha kulitengeneza tukiwa bado vijana. Baadaye nikaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe, na mashine ya kusaga majani ikaninyofoa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba kidole cha jirani yake, cha pete, kilipona kimekakamaa. Hakinyooki sawasawa wala hakikunjiki.

Shamba likauzwa kwa mtu binafsi, tukapunguzwa kazi, nikarudi nyumbani. Nikakuta paa limevuja na shingo ya gitaa imepasuka kwa maji. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kila Mhina aliponiuliza nitarudi lini kupiga, nilimjibu, "Mkono mzima kabisa, mgosi. Gitaa ndilo bovu."

Sasa zikaja siku hizi za ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Habari ikafika kwamba Kilole, pale Korogwe mjini, kuna mfanyabiashara kaleta magitaa mawili ya umeme ya shingo fupi. Kiwanda kimeyarudia yale ya zamani, kwa namna mbili tofauti. Bendi ikachanga, hata wapiga tumba ambao hawachangi kitu. Wakasema niende mwenyewe nikachague.

Mkisoma haya yote, likumbukeni jambo moja. Kama ningerudi na gitaa lililo sawa na lile la zamani, na mkono ukakataa mbele ya watu, nisingekuwa na pa kujificha tena. Muziki ungekuwa umekwisha kwangu, na uongo wangu ungekuwa umejulikana.

Kwaluguru hadi Handeni mjini

Mhina alinisindikiza kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Kabla hatujatoka alilitoa gitaa bovu, akachukua kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe pajani, akapiga fundo moja pale nyuzi zinapoanzia juu ya shingo, na fundo la pili pale zinapokalia kule chini.

"Usihangaike na rangi," akasema, "wala maneno ya muuzaji. Gitaa litakalolingana na mafundo haya ndilo lako."

Nikaipima ile kamba mkononi mwangu, ili hata ikipotea niwe na alama. Kutoka ncha ya kidole cha kati ilifika barabara kwenye kovu la chanjo, hapa begani. Kisha nikaizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nikavuta mkono wa shati ukaifunika pamoja na vidole vyangu.

Baiskeli ilipata pancha mara mbili. Tulifika Handeni basi limeshaondoka, nikalala kwa shangazi yangu, ambaye alinilisha wali na maharage na kunieleza ajali zote za barabara ya Korogwe tangu azaliwe. Sikupata usingizi.

Handeni hadi Mto Pangani

Basi la kesho yake liliondoka vizuri. Mvua ya masika ilianza tukiwa hatujafika mbali, na tulipopita Sindeni gari likakohoa, likazima katikati ya tope. Dereva akafungua boneti. Akafunga. Akafungua tena. Saa zikapita, na njaa ikawafanya watu waanze kutazamana.

Mimi nilikuwa nimekaa peke yangu, mkono wa kushoto nimeuficha ndani ya shati kama kawaida yangu. Mama mmoja muuza vitunguu, niliyesikia wenzake wakimwita Mama Rehema, alikuwa ananikodolea macho muda mrefu, maana ncha ya kamba ilikuwa imechomoza.

"Baba," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "hiyo kamba mkononi ya nini?"

"Ya kupimia gitaa."

Basi zima likanigeukia. Ninyi wenyewe mnaijua Handeni yetu. Kamba yenye mafundo, imefungwa mkononi na kufichwa, halafu gari linazima porini. Nani angeniamini?

"Gitaa lipo wapi?" konda akauliza.

"Ndiyo kwanza naenda kulinunua."

"Unapima gitaa ambalo huna?"

Mtu wa nyuma akasema nishushwe. Mwingine akasema kunishusha haitoshi, kamba itupwe mtoni. Nimewahi kuona watu wakimgeukia mtu mmoja, na najua huanza hivi hivi, kwa maswali ya upole. Nikataka kueleza habari za bendi lakini ulimi ukawa mzito, na kadiri nilivyogugumiza ndivyo nilivyofanana na mchawi.

Aliyeniokoa ni yule yule Mama Rehema. "Asipigwe mtu hapa," akasema. "Mimi nina chumvi. Kamba ilowekwe kwenye maji ya chumvi. Kama ina kitu, kitatoka. Kama haina kitu, itabaki kamba."

Wakaleta kopo. Nikaifungua kamba mbele ya watu, nikaizamisha. Mama Rehema akaikoroga na kijiko kama anayepika. Walipotosheka walinirudishia ikiwa inachuruzika, nikaisokomeza mfukoni. Na hivi ndivyo Mungu anavyopenda mzaha: dereva akajaribu tena, injini ikawaka! Watu wakapiga makofi. Mama Rehema akaniangalia kwa huruma na kuniambia, "Sikulaumu, baba. Pengine ulifungwa bila kujua."

Gari lilikwenda kidogo likanasa tena, safari hii kwa tope tu, na hakuna aliyenitazama. Jirani na pale palikuwa na boma la Wamaasai. Mzee wa boma alituletea maziwa mgando kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, matamu ajabu kwa mtu mwenye njaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, macho yake yakiwa kwenye mkono wangu.

"Nani alikula kidole?"

"Mashine, mzee."

"Na hiki kingine?"

Tangu nipone hakuna aliyewahi kuniuliza habari za hicho kingine. "Hiki kizima," nikasema.

"Kizima? Haya. Shika kibuyu kwa mkono huo."

Nikakishika, kikaniteleza, nikakidaka kwa mkono wa kulia na maziwa yakanimwagikia kifuani. Mzee hakucheka. Alikichukua kibuyu chake akampa mtu mwingine, na mimi nikauficha mkono ndani ya shati hadi tulipovuka daraja la Pangani jioni.

Kilole

Nililala stendi, asubuhi nikaenda dukani. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, limejaa redio, vitenge na sufuria. Mwenyewe ni Bwana Salehe, mtu mnene, mpole wa sauti. Magitaa mawili yalikuwa yamening'inia ukutani, kila moja limefungwa nailoni.

Nilipoliona jekundu, nusura nilie. Lilikuwa gitaa langu lililofufuka. Bamba lile lile jeupe, sumaku mbili za kudakia sauti zimekaa mshazari vile vile, hata kile kijiti cha chuma cha kutetemeshea sauti. Bwana Salehe akasema limetoka Japani, na wameiga la zamani hadi skrubu. La pili lilikuwa la rangi ya maziwa, limetoka nchi nyingine, sumaku moja tu, halina kijiti, dogo dogo, na jina la mfano wa zamani limeandikwa kichwani utadhani ni la kuazima.

"Naomba nilishike hilo jekundu," nikasema.

"Karibu. Lakini nailoni usifungue. Kwangu ukifungua nailoni, umenunua."

"Nitajuaje kama linanifaa?"

"Kwani wewe mpigaji au si mpigaji?"

Nikashukuru moyoni. Mnaona jinsi uoga ulivyo? Mtu kanikataza kujaribu, nami nafurahi. Nikaitoa kamba mfukoni, ikiwa bado mbichi na nzito, nikaiweka juu ya nailoni ya jekundu. Ilipelea kwa vidole viwili. Nikarudia. Ikapelea tena. Nikaiweka kwenye lile la maziwa, mafundo yakakaa juu na chini sawia kabisa.

Nilibaki nimesimama. Macho yananiambia jekundu, kamba inaniambia la maziwa. Nikiliacha jekundu, Mhina atasema nimepofuka. Nikilichukua, kamba ya Mhina mwenyewe itanisuta. Bwana Salehe akaongeza kuni: kuna mteja wa Tanga anakuja Jumamosi, naye ataondoka na mojawapo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Nipe mpaka Jumamosi asubuhi," nikamwomba.

"Ukichelewa usinilaumu."

Nilimkumbuka mtu mmoja tu wa kumuuliza. Hoza wa Vugiri alikuwa mpiga ridhimu wetu zamani, tukafanya kazi pamoja mkonge, na siku ya mashine yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati. Niliogopa kwenda kwake kwa sababu hiyo hiyo.

Kupanda Vugiri

Nilipata lifti kwenye lori la majani ya chai lililokuwa linarudi tupu. Dereva aliimba. Aliimba kutoka bondeni mpaka juu, tena akifumba macho kwenye kiitikio, na barabara ilikuwa kona juu ya kona, ukungu mweupe, upande mmoja mlima na upande mwingine hakuna kitu. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikaanza upya.

Hoza alinipokea kwa kelele. Mkewe alitupakulia bada, ule ugali wa muhogo, na maharage, halafu chai yenye iliki kutoka shambani kwao. Mimi nikaianika ile kamba juu ya mafiga ikauke, nikaeleza habari yote ya magitaa, isipokuwa ya mkono. Hoza alisikiliza huku anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Asubuhi aliitungua kamba, imekauka kau. "Hii nyumbani ilikuwa inafika wapi?"

"Kwenye kovu la chanjo."

"Pima."

Ilifika kwenye kovu.

"Na Kilole uliipima ikiwa imelowa?"

"Imelowa chumvi."

"Athumani! Umekaa mkonge miaka mingapi? Kamba ya katani ikilowa inafanyaje?"

Lahaula! Nilijishika kichwa. Inajivuta, inakuwa fupi. Kila mtu aliyewahi kufunga mbuzi wakati wa mvua anajua. Miaka yote ile ndani ya katani, nikapima gitaa la watu kwa kamba mbichi! Basi jekundu ndilo lenyewe, lililo sawa na la zamani. Nikainuka kutafuta viatu, lakini Hoza alikuwa amesimama mlangoni.

"Gitaa umelipima mara mbili," akasema. "Mkono umeupima mara ngapi?"

"Mkono mzima."

"Mimi nilikubeba, Athumani. Usiniambie mimi."

Akaleta gitaa lake kavu, lisilo la umeme, la shingo ndefu. Nikasema tumbo linaniuma. Nikasema lori litaniacha. Akanisukumia kigoda.

"Mficha uchi hazai, mgosi. Kaa."

Nilikaa. Akachukua penseli, akailaza juu ya shingo kwenye chuma cha kwanza kati ya vile vinavyoikata shingo, akaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili nyuzi zianzie pale. Akaweka kamba kavu, ikalingana. "Huu ndio urefu wa gitaa letu la zamani," akasema, "na ndio wa jekundu. Piga ule mwanzo wako." Mwanzo wangu mnaujua, ule uliowafanya watu waache soda mezani. Niliweka vidole. Kile kilichokakamaa kilipelea upana wa ukucha. Nilipokilazimisha, uzi ulitoa mlio wa nyuki kwenye kopo. Nikajaribu tena na tena, mpaka nikalia mbele ya mke wa mtu bila aibu.

Hoza hakunibembeleza. Aliisogeza penseli hadi chuma cha pili, akaichovya kamba kwenye maji ya kunawa, akangoja inywe, akapima. Ikalingana. Hapo ndipo urefu wa lile dogo.

"Tena," akasema.

Kidole kilifika. Kwa shida, kwa ubavu, lakini kilifika, na noti ikatoka safi. Solo yenyewe ilikuwa polepole mno, na mahali pawili ilibidi niruke. Nilipomaliza, nikavuta mkono wa shati nikavifunika vidole.

"Wataona," nikasema.

"Wataona," akakubali.

Kushuka

Ijumaa ile nzima Hoza alinikalisha nirudie. Jumamosi lori halikuwepo. Nilishuka kwa miguu kabla ukungu haujaondoka, nateleza kwenye utelezi wa njia za chai, na hofu imegeuka: sasa naogopa yule wa Tanga atakuwa amelichukua lile dogo ambalo siku mbili kabla nilikuwa nalidharau. Tope lilinifika magotini. Barabara kuu nikapata gari, nikaingia Kilole nahema.

Mteja wa Tanga alikuwepo tayari, kijana nadhifu, amesimama chini ya magitaa yote mawili, anajikuna kidevu. Bwana Salehe akaninyooshea kidole. "Muulize huyu, ni mpigaji wa siku nyingi."

"Shikamoo," yule akasema. "Mzee, lipi ndilo la kweli? Nisije nikauziwa la kuigiza."

Ningeweza kumdanganya. Nilimezea mate lile jekundu kwa mara ya mwisho. "Jekundu," nikamwambia. "Ukitaka lile la zamani lenyewe, ni hilo. Halina kasoro."

Akalichukua akaondoka na furaha yake. Bwana Salehe akanigeukia, hanielewi hata kidogo. "Unamwachia mwenzio la asili, wewe unachukua la watoto?"

Nikaichana nailoni palepale, kwa meno.

Nyumbani

Safari ya kurudi sina la kuisema, maana niliifanya nimelikumbatia gitaa kifuani na kuwaza mlango wa Mhina. Nilifika Jumapili alasiri. Wote walikuwa uwanjani kwake, amplifaya imeunganishwa kwenye betri ya trekta, majirani wameleta vigoda. Sijawahi kuogopa vile. Basi la Sindeni lilikuwa mchezo.

Mhina akalitazama gitaa, uso ukamshuka. Alichukua kamba mkononi mwangu, imekauka siku nyingi, akaiweka juu ya nyuzi. Ilizidi kwa vidole viwili.

"Tulikupa kamba," akasema polepole. "Athumani, tulikupa kamba! Watu wamejinyima. Hili si gitaa lako."

Uongo ulikuwa mdomoni, tayari kabisa: jekundu limenunuliwa, nimechelewa, lawama ni za basi. Ungepokelewa vizuri, na tungesubiri jekundu jingine hata miaka mitatu mingine.

Nilikunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Nikauweka mkono juu ya shingo, mbele ya macho yao wote, kidole kisichokuwepo na kile kisichokunjika. Nikapiga ule mwanzo. Ulikuwa polepole kama wa mtoto anayejifunza, na pale pawili niliruka, na kila mtu alisikia niliporuka.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mhina alikuwa ameinama, anakitazama kidole changu.

"Kumbe ulikuwa mkono," akasema.

"Ulikuwa mkono."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu, mgosi."

Mhina akaivingirisha ile kamba, akaitia mfukoni, akawageukia wenzake kwa sauti ile ile ya ukali aliyonayo siku zote.

"Ridhimu, besi, tumba, mnanisikia? Tunaanza upya. Na mwendo ni huo huo mliousikia, asimkimbize mtu."